Mtungi wa Lorna Tjaden

Jumatatu, 13 Julai

Nimeliona jina letu barabarani! Bango la kwanza la Lorna limesimamishwa njia panda, karibu na kituo cha mafuta. Herufi ndefu kuliko mimi: TJADEN, KONGRESI, WILAYA YA NNE. Nikasimamisha pikapu katikati ya barabara. Nikavua kofia. Lori la maziwa likanipigia honi nyuma yangu, sikujali. Jimbo zima la Iowa lina viti vinne tu kwenye Baraza la Wawakilishi kule Washington, na kimoja anakigombea binti niliyemfundisha mwenyewe kuendesha trekta. Machozi yalinitoka, nasema kweli. Dereva wa lori aliteremka kuniuliza kama ninaumwa.

Jioni Lorna akapiga simu. Alikuwa anatoka kumzalisha ng'ombe wa mtu, mkono ndani hadi begani, na kabla ya hapo alikuwa amewahutubia wastaafu wa miji miwili. Udaktari wa mifugo na kampeni, vyote kwa siku moja! Mimi nikishalisha nguruwe nalala. Akasema ana ombi moja tu kwangu katika uchaguzi huu wote. Nikanyoosha mgongo, nikatafuta kalamu.

"Baba," akasema, "tafadhali sana, usifanye lolote."

Nikamjibu sawa. Hakusema mpaka lini, na mimi sikuuliza.

Jumanne, 14 Julai

Nilikwenda kulikagua bango nililolisimamisha mwenyewe mwezi Mei pembeni mwa shamba, kabla sijaombwa chochote. Halipo! Nikadhani limeibwa, nikaanza kumtukana jirani yangu Merle Kooiker kwa sauti. Kumbe lipo. Mwezi Mei mahindi yalikuwa hayafiki kifundo cha mguu, sasa yamenipita kichwa. Nimelima maisha yangu yote, na nilisahau kwamba mahindi hurefuka. Nililikuta limesimama kivulini katikati ya mistari, LORNA, linasomwa na sungura.

Merle hakusahau. Yeye ni mtu wa Mheshimiwa Haverkamp, anayekikalia kiti hicho sasa. Bango lake kaliweka juu ya tela la nyasi, na analivuta kwa trekta popote anapotaka. Leo kalielekeza kwenye dirisha letu la jikoni. Ardith, mke wangu, anaosha vyombo huku anatazamana na meno ya Haverkamp. Anasema ni meno mazuri.

Lakini bango si kitu. Linaloninyima raha ni meza ya Mwalimu Fern. Kesho maonyesho ya kilimo ya kaunti yanafunguliwa, na kama kila mwaka wa uchaguzi, Mwalimu Fern Oltmann ataipanga mitungi minane ya kioo, wagombea wawili kwa kila wilaya kati ya zile nne. Sisi tuna haki na kiti cha nne tu, ila Mwalimu anasema jimbo ni moja na mitungi ya kuazima haimgharimu kitu. Kila mtu anapewa punje moja ya mahindi, anaitumbukiza kwa anayemtaka. Si kura rasmi, bila shaka. Kura rasmi ni Novemba. Lakini hakuna anayeingia kwenye maonyesho bila kuitazama mitungi ile.

Uchaguzi uliopita, mtungi wa mgombea wa chama chetu ulikuwa na punje chache hata kitako cha kioo kilionekana. Gazeti la kaunti likaupiga picha. Yule alikuwa mgeni wa kutoka mbali, tukacheka kidogo tukasahau. Huyu ni Lorna! Jumapili anakuja kuhutubia. Afike mbele ya ile meza, nyumbani kwao, akione kitako cha kioo chini ya jina lake? Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikiwaza hilo mpaka kahawa ikapoa. Siwezi. Moyo wangu hautaki.

Kwa hiyo nahitaji punje. Mahindi ya mwaka jana nimeshayauza, ghala ni tupu. Ya shambani bado mabichi. Nikinunua kopo moja pale ushirika, meneja atajua, na akijua yeye kaunti nzima inajua. Kwa Merle siendi hata nikiwa nakufa njaa. Kilichobaki ni nusu gunia la mbegu iliyosalia baada ya kupanda. Tatizo la mbegu ni kwamba huja na dawa, na dawa ni ya rangi ya waridi, inayong'aa kama rangi ya midomo. Punje moja ya namna hiyo ingeonekana kutoka upande wa pili wa uwanja.

Suluhisho: kuosha! Sinki la Ardith, chujio la tambi la Ardith, sabuni ya vyombo, dawa ya kung'arishia nguo. Nimesugua mchana kutwa. Zimetoka za manjano, safi, nzuri ajabu. Nimeziacha kwenye ndoo ya maji zimalize kutakata. Ardith aliporudi akauliza kwa nini sinki lake ni la waridi. Nikasema nilikuwa naosha brashi ya rangi. Akauliza nimepaka nini rangi ya waridi katika shamba hili. Sikuwa nimefikiria mpaka hapo.

Jumatano, 15 Julai

Maonyesho yamefunguliwa! Kila mwaka nasema nimezoea, na kila mwaka nabaki mdomo wazi. Fahali mmoja ana mabega mapana kuliko mlango wa kanisa. Nguruwe jike amelala na wanawe wamejipanga kwenye chuchu kama vifungo vya koti. Nilipita huko taratibu na kofia mkononi.

Halafu meza ya Mwalimu Fern. Alitufundisha sote kusoma, mimi na Merle na hata mchungaji, na bado akikutazama unajikagua kucha. Nilizificha zangu mfukoni haraka, maana vidole ni vya waridi hadi leo, havitakati kwa chochote. Punje zake anazichota kwenye bakuli moja moja. Anakuwekea kiganjani na kukifunga kwa mkono wake. Nilimwona mzee anayetembelea fremu ya chuma akipewa yake. Alisimama pale muda mrefu. Aliitazama mitungi yote minane, akaitazama punje yake, akaifunga tena kiganjani, akafikiri. Kwenye foleni nyuma yake hakuna aliyekohoa. Nywele zilinisimama. Punje moja, na mtu anaibeba kana kwamba amekabidhiwa nchi!

Zamu yangu ikafika. Nilivyokuwa nimejaa hisia, niliirusha kwa nguvu mno, punje ikagonga ukingo ikarukia kwa Haverkamp. Nikaomba nirudishiwe. Mwalimu akasema kura ni kura, Orville, sogea. Merle alikuwa nyuma yangu tu. Akanishukuru kwa niaba ya mheshimiwa.

Sikukata tamaa. Mchana nikamwendea Mwalimu, nikamwambia atakonda, akale, mimi nitaikalia meza. Pale kwenye banda la chakula walikuwa wanakaanga nyama ya nguruwe pana kuliko sahani. Alisita. Kisha akasema, "Haya, kaa. Wewe ni babake, utaona aibu kufanya ujinga." Maneno hayo yalinichoma kidogo. Lakini alipopinda kona nikazimwaga mbegu zangu kwenye mtungi wa Lorna. Mifuko ya suruali, mifuko ya koti, na buti moja. Zikashuka kwa sauti ya mvua juu ya bati. Mtungi ukajaa zaidi ya nusu! Nikarudi nyuma hatua chache kuutazama. Mzuri jamani. Jina la binti yangu, na dhahabu chini yake.

Kasoro moja tu. Mbegu zilikuwa bado na maji ya ndoo, na suruali ikalowa mbele yote. Merle akanipigia kelele kutoka kwenye banda la kondoo, mbele za watu: "Orville! Choo kiko nyuma ya nguruwe, mzee mwenzangu, usijitese!" Kondoo wenyewe walicheka.

Alhamisi, 16 Julai

Joto la kupikia. Siagi imeyeyuka kwenye banda la akina mama. Nzi wamekuwa wengi, kwa hiyo Mwalimu Fern kaifunika mitungi yote kwa karatasi ya nailoni, kaacha upenyo mdogo wa kupitisha punje. Mtungi wa Lorna unatoka jasho kwa ndani. Ile mingine saba ni mikavu. Nilimwambia Mwalimu ni kwa sababu wa Lorna uko juani zaidi. Akaendelea kugawa punje.

Merle amekuja mara kadhaa. Anaukodolea macho mtungi wetu, anaukodolea macho wa Haverkamp, anaondoka, anarudi na binamu. Sijui ana binamu wangapi. Aliviona vidole vyangu nikila pai ya cheri, akauliza nini hicho. Nikasema bitiruti za siki. Akasema tangu lini mimi nakula bitiruti. Nikasema tangu Jumanne. Hapo ikabidi ninunue kopo zima la bitiruti kwa akina mama na kulila mbele yake. Sijisikii vizuri.

Ijumaa, 17 Julai

Punje zimetoa mizizi!

Nimeiona asubuhi. Vijizizi vyeupe, vyembamba kama uzi, vimejibanza kwenye kioo pande zote. Najua ni nini. Mimi ni mkulima, si mpumbavu: mbegu, maji, joto, kifuniko. Nimeziloweka, nikaziatamia, na kuzifunika Mwalimu kanisaidia. Lakini kujua hakukunisaidia kitu. Kila mwaka nazizika ardhini na sizioni mpaka zimechomoza. Hii kazi hufanyika gizani, chini ya miguu yangu, na sijawahi kuitazama hata mara moja. Leo nimeitazama kwa karibu mno, pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Mwalimu akaniambia nisogee, nazuia wapiga kura.

Niliomba ruhusa niutikise mtungi kidogo. Akasema asiye na punje asiguse meza.

Jumamosi, 18 Julai

Majani! Ya kijani! Yametoboa pale kwenye upenyo wa nailoni na kusimama wima juu ya jina la Lorna.

Sijapata kuona watu vile. Wamesimama mistari mitatu kuzunguka meza, hakuna anayesema kwa sauti. Wanaume walivua kofia, mmoja baada ya mwingine, na safari hii si mimi niliyeanza. Mama mmoja ambaye najua ni wa Haverkamp damu damu alishika shavu akasema mwili unamsisimka. Mwandishi wa gazeti la kaunti alipiga picha akiwa amepiga magoti, na sidhani ni kwa sababu ya picha tu. Mtu akanong'ona kuwa ni ishara. Nikasikia mwingine akilirudia neno hilo, na mwingine. Na mimi, niliyezileta kwa buti langu mwenyewe, nililiamini! Karibu saa nzima niliamini kwamba mahindi yanamtaka Lorna.

Kisha Merle akaja kusimama kando yangu. Alitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza chini chini, mdomo sikioni, mbona mtungi mwingine wowote haujaota. Nikasema ndiyo maana ni ajabu. Akasema punje za Mwalimu ni za ghala la ushirika, zimekaushwa kwa moto, zimekufa, huwezi kuziotesha hata ukiziimbia. Kilichoota ni mbegu. Na mbegu, akasema, ina dawa, na dawa ina rangi, na rangi hiyo anaiona kwenye vidole vyangu.

Nikamwomba. Ndiyo, nilimwomba Merle Kooiker! Nikamwambia kumbuka ni Lorna, jina lake ndilo liko pale, si langu. Akasema Lorna alimwokolea farasi wake jike wakati kila mtu alikuwa ameshakata tamaa, na hatamwaibisha yule binti kwa lolote. "Wewe," akasema, "ningekuaibisha bure na nauli yako ningelipa." Akaenda zake. Lakini hakuwa peke yake. Niliona wakulima wengine wawili wakitazama mtungi mmoja, kisha mwingine, wakikunja nyuso. Wanapiga hesabu. Kesho kila mtu atakuwa amejua, na kesho ndiyo anakuja.

Mpango wa dharura: yote minane iote! Nikachukua kopo la kunyweshea maua la akina mama, nikasubiri Mwalimu ageuke, nikaanza na wa wilaya ya kwanza. Sikufika wa pili. Alinishika mkono vilevile alivyonishika darasa la tatu, mahali palepale. Hakuuliza chochote. Akasema nenda nyumbani, Orville, na mimi nikaenda.

Jumapili, 19 Julai

Kalamu inanishinda. Nitaandika hivyo hivyo.

Lorna alifika na buti zake za kazi. Uwanja umejaa, watu wake na watu wa Haverkamp, wote wametaka kuona mahindi. Alikwenda moja kwa moja mezani. Aliinama. Akavigusa vijani kwa ncha ya kidole, na usoni mwake nikaona jambo ambalo sikulitarajia: alipendezwa navyo. Kisha akainua macho, akanitafuta kwenye umati, akanipata, akatazama mikono yangu. Nikaiweka nyuma. Nimewahi kupigwa teke na fahali, na lile lilikuwa na huruma zaidi.

Akaukumbatia mtungi, akapanda nao juu ya tela la wahutubiaji. Hotuba aliikunja akaitia mfukoni. Akasema hivi:

"Mimi nimekulia hapa. Nyinyi nyote mnajua punje ya ghala haioti. Hizi zimeota, kwa hiyo si kura zenu. Zimetoka kwa mtu anayenipenda na asiyeweza kukaa kimya."

Watu wote waligeuka kunitazama. Wote! Hata fremu ya yule mzee iligeuka.

Akamwomba Mwalimu kitambaa cha meza. Wakakitandaza kwenye tela, wakaumwaga mtungi, wakaanza kuchambua: zilizoota huku, kavu kule. Merle akakunja mikono ya shati akapanda kusaidia, akisema lazima na upande wao uwepo. Mimi nilijua kitakachotokea. Nitakiona kitako cha kioo mbele ya kaunti nzima, na nitakuwa nimekileta mwenyewe. Nilitamani mahindi yanimeze kama yalivyolimeza bango.

Lakini punje kavu ziliendelea kutoka. Wakachambua, zikaendelea. Zilikuwa chini, katikati, zimenaswa kwenye mizizi yangu, na Merle akawa anazinasua polepole kwa vidole vyake vinene na kuzitupa kwenye rundo la Lorna bila kuficha hata moja. Zikarudishwa mtungini. Zikapanda, zikapita nusu! Za Haverkamp ni nyingi zaidi, ndiyo, kwa kopo zima au zaidi. Lakini nusu ya mtungi na kitu juu! Majirani zangu hawa, wanaoniambia kila siku kuwa chama chetu ni kichekesho. Walisimama pale mmoja mmoja na punje kiganjani, wakafikiri, wakampa binti yangu, wala hawakumwambia mtu. Nami nilikuwa nimewamwagia uchafu juu yao.

Nilivua kofia. Sikujua pa kuiweka. Nilitaka kumshika kila mtu mkono, lakini sikujua ni nani wa kumshika, na hiyo ndiyo iliyonishangaza kuliko yote: wangeweza kuwa yeyote kati yao.

Lorna akaunyanyua ule mtungi, akasema hizi ndizo zake na anashukuru kwa kila moja, na zilizobaki atazifuata mlango kwa mlango hadi Novemba. Makofi yalianza upande wetu. Kisha Merle akapiga makofi, na binamu zake wote.

Ndani ya pikapu Lorna alivua buti zake. Halafu akaanza kucheka hadi akalazimika kujifuta macho. Halafu akaacha kucheka. Akasema angeweza kupoteza kila kitu leo, jina lake, kazi yake, na kwamba wanaomwamini wangeonekana wajinga. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa. Akanikumbusha ombi lake lilelile. Nikaweka mkono kifuani na kuapa.

Jumatatu, 20 Julai

Picha ukurasa wa mbele! Lorna, mtungi nusu na kile kirundo cha kijani. Simu ya jikoni haijapoa, watu wanataka kujitolea, wengine hata hawakumpa punje. Ardith kanunua chujio jipya na kuniambia nisilikaribie. Merle kaligeuza tela lake asubuhi, sasa meno ya Haverkamp yanatazama ng'ombe. Sikumshukuru, ila nimempelekea bitiruti zilizobaki.

Nimetafakari sana. Nimejifunza somo kubwa, na nitaliandika hapa nisilisahau: kosa lilikuwa unyevu.

Mwezi ujao ni maonyesho ya jimbo zima, mjini. Wilaya zote nne, watu kutoka kila kona, mitungi mikubwa zaidi, nasikia! Hebu fikiria, jimbo zima linapanga foleni na punje mkononi. Mwili unanisisimka nikiandika. Lorna lazima apite nusu pale pia, na hakuna aliyeniapisha kuhusu mjini. Mbegu bado ninayo kiasi. Nimeiosha, nimeikamua kwa taulo, na sasa nimeiingiza kwenye oveni kwa moto mdogo, ife vizuri.

Ardith anauliza kutoka sebuleni ni nini hicho kinachonukia. Nimemwambia nakausha kofia.